Kipimo cha Ishirini

Gemu jipya likinifikia, sihangaiki na joka wala mfalme. Namtafuta mtu mdogo kabisa aliyemo, yule ambaye mafundi walimtengeneza Ijumaa jioni huku roho zao zimeshafika nyumbani, kisha namuua mara ishirini.

Usinikodolee macho, ni kazi. Huu mwaka wa kumi na moja nahakiki magemu katika jarida la Kitufe, na sijapata njia bora ya kuijua dunia ya kubuni. Joka hutengenezwa na watu hamsini, lazima lipendeze. Mlinzi wa geti, muuza samaki, jambazi wa njiani, hao ndio watakaokwambia kama mwenye gemu ana adabu. Ukimuua mara ya kwanza anasema "Utajuta!" Ukimuua mara ya pili anasema "Utajuta!" Ikifika ya tano unajua umeuziwa boksi tupu lenye mapambo. Wasomaji wangu wanakiita kipimo cha ishirini, na wapo mafundi wanaokiogopa kuliko sindano.

Mito Tisa ilipokaribia kutoka, kampuni ya Mwangwi iliwaita wahakiki kumi kwenye jengo lao la Njedengwa, Dodoma, kwa siku sita. Kila mtu chumba chake, kofia yake na glavu zake, ila dunia ya gemu moja kwa wote. Hakuna kutoka na nakala. Kila mmoja aliruhusiwa kuambatanisha na uhakiki wake kipande kimoja cha dakika nne, na mkataba uliwakataza Mwangwi kukitazama kabla hakijachapishwa. Hicho kifungu nilikidai mimi mwenyewe, kwa ubishi tu. Sikujua nitakihitaji.

Siwezi kusema uongo, lilikuwa gemu zuri. Ukivaa kofia unajikuta kwenye nchi ya nyasi ndefu na mawe mekundu, una upanga mmoja na kobe anayekusimulia habari za mizimu ya mito. Kila kilima unachokiona unaweza kukipanda. Kila nyumba ina mtu, na mtu ana shughuli zake. Nilipiga hodi kwenye nyumba moja nikajibiwa nisubiri, mtoto anaogeshwa. Nikasubiri kweli, nikasikia maji yanamwagwa, na mwanamke akatoka akijifuta mikono. Niliandika kwenye daftari langu: "Hawa watu wanaishi." Niliona nimeandika sifa.

Kasoro ilikuwa moja. Mto wa tatu huvukwa kwa chelezo cha kamba, na kamba imefungwa kwa kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa jambazi. Hana jina, anaitwa Jambazi wa Kivukoni. Nilijaribu kumhonga, kumkimbia, kuogelea, kumwimbia. Haikuwezekana. Dunia yote iko wazi, ila hapo kila mchezaji lazima amuue.

Alitoka kwenye matete akiburuza mguu wa kushoto, panga mkononi.

"Leo hupiti, dada. Kesho pia hupiti. Keshokutwa njoo tuongee."

Nilicheka, nikamuua. Akaanguka mtoni, maji yakamchukua. Baada ya dakika chache aliinuka palepale, kama wakazi wote wa Mito Tisa wanavyoinuka, nikamuua tena. Mara saba, na mara zote saba alisema jambo jipya. Nikampa alama zote kwenye daftari.

Mara ya nane alinikazia macho.

"Sikudhani Pazi," alisema. Jina langu lote nilikuwa nimeliandika mwanzoni, kwa hiyo sikushtuka. "Pazi wa wapi?"

"Wa Maneromango."

"Mzaramo! Ndiyo maana unapigana huku unakata kiuno."

"Na wewe?"

"Mnyamwezi mtupu, wa Urambo."

"Ahaa. Kumbe umekaa mtoni unasubiri mzigo wa kubeba, kama babu zako wapagazi."

Kwa asiyejua mambo yetu, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu nisikasirike. Anaweza kuingia kwangu akaondoka na kuku. Na mmoja akifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuigiza mwendo wa marehemu na kujilaza kaburini akigoma kutoka, mpaka wafiwa wacheke. Sasa mtani kukutana naye ndani ya gemu! Nilifurahi kupita kiasi. Nikawa namchoma upanga huku nacheka, namwambia, "Bado kumi na moja, mtani. Bado kumi." Na yeye alikuwa anacheka, akishika ubavu. Niliona wameuigiza vizuri mno ule ubavu. Hilo linaniuma mpaka leo na sitafuti wa kunipoza.

*

Nilipokwenda kwa mara ya ishirini hakunirukia. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, panga mapajani.

"Hii ndiyo yako ya mwisho," alisema. "Umefika kumi na tisa."

Nakijwa, mbunifu mkuu wa Mwangwi, alitueleza siku ya kwanza kwamba mkazi akifa kumbukumbu yake inafutwa, anaamka mpya. Nikamuuliza jambazi amejuaje.

"Usijifanye hamnazo, Mzaramo. Njoo."

Nilimfuata nyuma ya matete, yeye mbele akiburuza mguu. Pale chini palikuwa na mawe ya mtoni, madogo, yamepangwa kwa mistari.

"Huu wako. Hesabu."

Yalikuwa kumi na tisa.

"Huu wa bwana mwenye mishale, tisa. Huu wa yule mama anayeomba samahani kwanza, mawili. Kila nikitoka majini natoka na jiwe. Kichwa wanakifagia, kweli, naamka sijui hata jina la mto. Lakini mawe hawayafagii. Nikiyaona tu, yote yanarudi. Mimi ni mtu wa mizinga, nyumbani nilikuwa na mizinga mia moja na arobaini porini. Nikikagua mmoja naweka jiwe. Ukikosea hesabu unarudi kwenye mzinga uliokwisha kukuuma."

Nyuma ya mistari ya wahakiki palikuwa na mstari mwingine. Uliingia kwenye nyasi, ukapanda kilima, na sikuuona mwisho wake.

"Na ule?"

"Ule wa mafundi, kabla ninyi hamjaja. Sijaumaliza kuupanga. Mawe ya mto huu yanakaribia kwisha."

Kijijini, ng'ambo, wanawake walikuwa wanatwanga. Michi ilisimama yote kwa pamoja, na wakageuza nyuso kututazama.  Kisha wakaendelea kutwanga.

Niliogopa. Nasema wazi, nilivua kofia bila hata kuaga. Saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, chai na maandazi kwenye meza ya ukumbini. Wahakiki wawili walikuwa wanasimuliana vichekesho vya jambazi kiwete wa mto wa tatu, wakicheka mpaka chai inawamwagikia.

*

Nilimkuta Nakijwa ofisini kwake. Ni mwanamke mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na alinikaribisha kwa jina.

"Dada Sikudhani, karibu. Umependa?"

"Yule wa Kivukoni mguu wake umeharibika na nini?"

Alitabasamu. "Ulikuja hivyohivyo. Tulipojaribu kuunyoosha akawa anaanguka. Tukauacha."

"Ulikuja kutoka wapi?"

"Kwenye rekodi."

"Mlituambia kila mkazi amechanganywa kutoka kwa maelfu ya watu."

 Aliinuka akafunga mlango.

"Tulijaribu kuchanganya, dada. Ukichanganya unapata watu wanaopayuka, wanalia katikati ya sentensi, wanasahau kumeza. Rekodi inayotembea na kuongea ni rekodi nzima ya mtu mmoja. Zilikuwepo, zimekaa, wenyewe wameshafariki. Walitia saini wenyewe. Tuliyonayo ni mwangwi tu."

"Ana hesabu ya vifo vyake."

Hapo uso ulimbadilika. Si kwa huruma, nadhani, ni kwa kazi. Akatoa fomu ya karatasi kwenye droo ya meza.

"Asante kwa kuniambia. Hii ni fomu ya kasoro. Anayeiona kasoro ndiye anayejaza, wapi na anafanyaje. Ukiisaini, huyo anafutwa ndani ya dakika kumi, hainuki tena. Na hilo tundu alilopitia tunaliziba kwa wote mia tatu na kumi na wawili. Mpaka Jumatatu wote watakuwa wametulia."

"Wametulia, maana yake?"

"Hakuna atakayekumbuka."

"Na maumivu?"

Nakijwa alitazama dirishani. "Hakuna atakayesema anayasikia."

Nilimuuliza gemu likitoka itakuwaje. Alisema kila nakala itakuwa na wakazi wake. Walioagiza tayari walikuwa milioni nne. Nikaondoka nimeshika fomu.

*

Jina lake Mihayo Kasanda. Aliniambia mwenyewe nilipomrudia mchana ule, na akanipa namba ya simu ya mkewe, anayoijua kwa kichwa. Alidhani bado yuko kwenye kliniki moja ya Tabora. Alipata kiharusi, mguu ukafa, ulimi ukawa mzito. Wakamvalisha kofia wakamwambia asimulie maisha yake, itawasaidia wagonjwa wengine warudishe usemi.

"Halafu nikaamka huku," alisema. "Mwambie Kalunde nachelewa kidogo."

Nilipiga simu nikiwa nimesimama chini ya ngazi za jengo. Aliyepokea alikuwa mwanamke mtu mzima, nyuma yake kuku wanalia.

"Shikamoo mama. Naomba kuongea na mke wa mzee Mihayo."

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu. Lakini Mihayo ameshatutoka, huu mwaka wa nne. Ninyi wa kliniki?"

"Hapana, mama. Mimi naitwa Sikudhani, Mzaramo. Ni mtani wake. Nimechelewa msiba."

 Kalunde akacheka, kicheko cha mtu asiyetarajia, na ndani ya kicheko hichohicho akaanza kulia.

"Wazaramo! Mlikuwa mnacheza ngoma wapi miaka minne? Mvua ilikata daraja, mtani hata mmoja hakufika. Tukamzika kimya, watu wanalia tu. Hakuna wa kumwigiza, hakuna wa kujilaza kaburini. Yule mtu alivyopenda masihara! Ule msiba mpaka leo umenikaa hapa." Nikasikia anajigonga kifuani.

Sikumwambia lolote zaidi.  Nilimuahidi nitakuja.

*

Siku ya tano nilikwenda kumwambia Mihayo kwamba amekufa. Kwetu habari ya msiba haipelekwi na mtu wa pembeni, na huko ndani hakuwa na ndugu ila mimi. Nilimwambia nikiwa nimeketi chini, upanga nimeuweka mbali.

Aliyageukia maji.

"Alilia sana, Kalunde?"

"Bado analia."

"Watani walifika?"

"Mvua ilikata daraja."

"Wazaramo bwana," alisema, ila sauti haikumfuata. Akafuta uso kwa kiganja. "Basi hiyo fomu ijaze, mtani. Ubavu unaniuma. Kila mara unauma upya, hauzoeleki. Nizime nipumzike."

Ningeweza kujaza palepale. Namuapia Mungu, nilitaka. Lakini sikuweza kumficha yaliyobaki. Nikamweleza kwamba fomu ikimfuta yeye, inawaziba midomo wengine wote, na Jumatatu gemu linatoka, na hapatakuwa na mtu wa kusema. Na nisipoijaza, inabidi abaki hapo kivukoni akiendelea kuuawa mpaka watu wa nje waamini. Huenda siku tatu, huenda mwaka.

"Nani mwingine anahesabu?" nilimuuliza.

"Hakuna." Alionyesha ng'ambo kwa kidevu. "Wale wanaotwanga wanajua kuna kitu, hawajui nini. Yule wa kinu cha kwanza ananiuliza kila siku kwa nini shingo inamuuma. Na yule mwenye mtoto huwa anamuogesha mara saba, nane, hajui mara ngapi. Anasema haachi kunuka damu."

Nikakumbuka maji niliyoyasikia yakimwagwa, na sifa niliyoiandika.

"Waulize wao," nilisema. "Siwezi kuamua mimi."

"Wao wana watani wao, watakuja kuwauliza. Wewe uliza wako." Aliokota jiwe akalipindua mkononi, akalirudisha mahali pake. "Watu wa nje wakiambiwa mtu wa kwenye gemu anakumbuka, wataamini?"

"Hapana. Watasema umefundishwa maneno. Nikionyesha mawe, watasema ni mapambo."

Alifikiri. Halafu nikauona uso wake unachangamka, kidogokidogo, uso uleule wa mara ya nane.

"Basi nianze masihara. Masihara mapya, ambayo hata wewe huyajui. Nikifika katikati, unikate. Nikitoka majini, nimalizie. Maneno ya kufundishwa yanaanza mwanzo, Mzaramo. Hayaanzii katikati."

"Na ukiamka huyajui tena?"

"Nitaweka jiwe."

"Sitaki kukuua tena, Mihayo."

"Kumi na tisa uliniua kwa raha, leo ndiyo unaona haya? Mzigo uweke hapa." Alijipiga begani. "Ninyi chezeni ngoma, kubeba tuachieni sisi. Ila siku nikizimwa kweli, uende Urambo ukaniigize. Mwendo wangu unaujua?"

"Mguu wa kushoto."

"Onyesha."

Nikainuka, nikatembea mbele yake nikiburuza mguu, bega limeinama, mkono mmoja ubavuni. Alicheka mpaka akakohoa. Ng'ambo michi ikasimama tena, na safari hii wanawake hawakuendelea kutwanga.

*

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, nilibonyeza kinasa. Dakika nne, hazikatwi wala haziunganishwi, saa inaonekana pembeni mwanzo mpaka mwisho. Fomu ilikuwa mfukoni mwangu, haijajazwa.

Mihayo alisimama mbele ya matete. Alikuwa amevua ufunguo na kuuweka juu ya jiwe, wazi kabisa, ili mtu asije akasema niliufuata huo. Gemu halikukubali. Ufunguo ulirudi wenyewe shingoni mwake, naye akautazama tu.

"Mimi ni Mihayo Kasanda," alisema, "mtu wa mizinga, wa Urambo. Huyu ni mtani wangu. Sikilizeni habari ya Mzaramo. Siku ya kiama Mzaramo atafufuka na wenzake, watapangwa mstari. Malaika atafika, ameshika daftari la dhambi. Kabla hajafungua mdomo, Mzaramo ataning'inia mkononi mwake, atamuuliza—"

Akakatiza hapo, akaniashiria kwa kichwa.

Nilimchoma. Safari hii niliutazama uso wake, jambo ambalo mara zile kumi na tisa sikulifanya. Macho yaliogopa. Alikuwa amejitayarisha, na bado yaliogopa. Akaenda chini, maji yakamfunika, na ufunguo ukabaki mkononi mwangu.

Saa ikahesabu. Dakika moja. Mbili. Kijiji kizima kilikuwa kimeshuka ukingoni, wanawake na michi yao, muuza samaki, yule mama na mtoto aliyelowa mgongoni. Sijui nani aliwaita.  Dakika ya tatu, nikaanza kujilaumu kwa sauti, na hiyo nayo imo kwenye kipande, mtaisikia.

Maji yakafunguka. Alitoka akitweta, bila panga, kiganja cha kulia kimefumbwa. Alinitazama kama mgeni. Nilimuona hanijui kabisa, mtu aliyenitania siku tano. Akafumbua kiganja, akaliona jiwe. Akageuka, akaburuza mguu mpaka kwenye mstari wangu, akainama, akaliweka la ishirini. Alikaa ameinama hivyo, akigusa mawe moja baada ya jingine kwa kidole, midomo ikichezacheza.

Kisha akanigeukia, ameshika ubavu.

"'—samahani, malaika. Ngoma inapigwa wapi?'"

Nilicheka. Nilipanga ninyamaze ili kipande kiwe safi, nikashindwa, nikacheka kwa sauti huku machozi yananitoka chini ya kofia na siwezi kuyafuta. Ukingoni yule mwanamke wa kinu cha kwanza aliangua kicheko, akafuata muuza samaki, na wote. Walicheka hivyohivyo mpaka saa ikafika dakika nne na kinasa kikajizima.

Hicho ndicho kipande mnachokiona juu ya ukurasa huu. Chini yake, mahali ambapo kwa kawaida naweka alama, nimeandika majina niliyoyapata kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba jioni ile, na alikotoka kila mmoja. Ni arobaini na mawili tu, muda uliisha. Mwenye mtani wake hapo, aje. Wangu mimi ni Mihayo, bado yuko kivukoni, na mwendo wake naufanyia mazoezi kila siku.